Kikao cha kwanza cha D&D Mombasa: mwongozo kamili kwa mwendeshaji ambaye kundi lake halirudi

Dungeons & Dragons (D&D) ni mchezo wa mezani wa kusimulia: kila mchezaji anaigiza mhusika mmoja, na mwendeshaji anasimulia dunia yao na kusimamia sheria. Malalamiko ninayoletewa ni yale yale. Vijana watano wanakutana Tudor au Bamburi, mmoja wao ameandika hadithi ya ufalme mzima. Saa mbili za mwanzo zinaishia kwenye sheria, mhusika mmoja anakufa kwa pigo la kwanza, na wiki ya pili kila mtu ana udhuru. Mwendeshaji anaamini kosa ni kutojua sheria vizuri, basi anarudi nyumbani kusoma kurasa mia nyingine.

Sheria hazikumwangusha. Aliandaa hadithi, wakati meza inataka hali: watu wanaotaka vitu vinavyogongana, mahali pa kuingia, na muda unaoyoyoma. Mwongozo huu ni wa kikao kimoja cha saa tatu cha Dungeons & Dragons, kwa anayeendesha mara ya kwanza au ambaye kundi lake lilishamvunjikia mkononi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya yote

- Kanuni za bure. Tafuta faili iitwayo SRD 5.1. Ni kanuni za toleo la 2014, na tangu Januari 2023 zimetolewa kwa leseni ya Creative Commons, kwa hiyo kuzipakua na kuzipiga kopi ni halali. Ipo pia 5.2 ya mwaka 2025. Chagueni moja, msichanganye mbili kwenye meza moja. Hesabu zote hapa chini ni za 5.1.
- Karatasi moja ya mhusika kwa kila mchezaji, iliyokwisha jazwa. Chapisha saiba au andika kwa mkono.
- Penseli na raba. Kalamu za wino ziache nyumbani, kwa sababu pointi za uhai hubadilika kila dakika.
- Dadu, au mbadala wake ulioelezwa hapo chini.
- Taa ya kuchaji. Stima ikipotea, kikao kisipotee nayo.
- Kitafunio kikavu. Kashata na korosho ni sawa. Viazi karai ni vitamu, lakini ukwaju na mafuta vikishafika kwenye karatasi ya mhusika, namba hazisomeki tena.

Kitabu cha rangi, sanamu za plastiki na ramani ya kitambaa si lazima. Nimeona makundi yakisubiri miezi vifaa vifike kutoka ng'ambo, na vilipofika hamu ilikuwa imekwisha.

### Kama huna dadu za pande nyingi

Mchezo huu unategemea zaidi dadu ya pande ishirini, na si kila duka la vinyago linayo. Chukua dadu moja ya ludo, sarafu ya shilingi 5 na sarafu ya shilingi 10, zile za wanyama zilizotoka 2018. Zirushe zote tatu kwa pamoja.

Dadu ikitoa 6, irushe tena hadi upate kati ya 1 na 5. Kifaru wa shilingi 5 akionekana juu, ongeza 5. Simba wa shilingi 10 akionekana juu, ongeza 10. Kwa mfano, dadu imetoa 3, kifaru yuko juu, simba yuko chini: umepata 8. Dadu 3 na wanyama wote wawili juu: 18.

Kila namba kuanzia 1 hadi 20 ina nafasi sawa, kama ingekuwa dadu yenyewe. Ukihitaji dadu ya pande kumi, mwache simba nje. Ukihitaji ya pande kumi na mbili, rusha dadu ya ludo na sarafu moja yoyote, mnyama akionekana ongeza 6, na hapa 6 ya dadu haurushi tena.

Onyo: usijumlishe dadu tatu za ludo ukadhani umepata kitu kile kile. Namba za katikati zitatoka mno, na 20 haitafikiwa kamwe.

## Hatua ya 1: Watu wanne na saa inayoheshimika

Alika wachezaji wanne, mbali na wewe. Watatu wanatosha, wawili wakikosa stamina kikao kinalala. Sita ni wengi mno kwa mwendeshaji mgeni, maana kila mtu atasubiri zamu yake dakika kumi huku akichezea simu.

Panga saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni, Jumamosi au Jumapili. Mkianza baada ya adhuhuri na kukatisha kidogo kwa alasiri, mtamaliza kabla ya magharibi, na wa Likoni watavuka feri mapema. Mapumziko ya alasiri yanamfaa hata asiyeswali: hapo ndipo mwendeshaji anapumua na kuangalia ukurasa wake.

Andika saa kwa maneno. "Saa nane mchana" haina utata. Ukituma "saa 8" kwenye kundi la WhatsApp, kuna atakayefika saa mbili asubuhi na kuna atakayedhani ni usiku.

Utajua umefaulu wanne wote wakithibitisha siku moja kabla bila kusukumwa.

## Hatua ya 2: Zungumza na mwenye nyumba

Hatua hii sijaikuta kwenye mwongozo wa Kizungu, na kuiruka kumeua makundi mengi hapa kwetu. Mama anapita sebuleni, anasikia "uchawi" na "mapepo", anaona dadu mezani. Anachokiona ni kamari na ushirikina chini ya paa lake, na huwezi kumlaumu.

Mweleze mapema, kabla ya kikao: ni mchezo wa kusimulia, watu wanaigiza wahusika, hakuna hata shilingi inayochezewa. Kama mnatumia sarafu kama nilivyoeleza, sema wazi kwamba ni za kuhesabia, na zirudi mfukoni mkimaliza. Mkaribishe akae dakika kumi. Wazazi wengi wakisikia kijana wao akibishana bei na mfanyabiashara wa kubuni, wanacheka na kwenda zao.

Wapo wasiotaka dadu nyumbani kabisa kwa sababu za dini. Usibishane nao. Andika namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, vitie kikombeni, chomoa kimoja, kisha kirudishe kabla ya mwingine kuchomoa. Usipokirudisha, nafasi zinabadilika, kwa sababu namba iliyokwisha toka haiwezi kutoka tena.

Na wachezaji wenyewe waulize. Pwani hii, majini kwa watu wengi si hadithi. Kanuni zina majini ndani yake, lakini kama mmoja mezani hapendi yafanyiwe mchezo, yaache. Dubwana lingine litafanya kazi hiyo hiyo. Vilevile mhusika mponyaji, ambaye kitabuni hupata nguvu kwa mungu wa kubuni, anaweza kuzipata kwa kiapo au kwa mwalimu wake. Namba hazibadiliki hata moja.

## Hatua ya 3: Waletee wahusika waliokwisha tengenezwa

Kutengeneza mhusika kwa mara ya kwanza kunakula saa mbili. Ukiwapa wageni kazi hiyo, kikao kimekwisha kabla hakijaanza. Tengeneza wewe wanne: mpiganaji, mjanja wa kufungua makufuli, mponyaji na mchawi. Wote wawe wanadamu.

Kila mhusika ana sifa sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, hekima na haiba. Namba za kuzigawia ni 15, 14, 13, 12, 10 na 8. Mwanadamu anaongezewa 1 kila mahali, zinakuwa 16, 15, 14, 13, 11 na 9. Kila namba ina nyongeza yake: toa 10, gawanya kwa mbili, shusha chini. Kwa hiyo 16 inatoa +3, 15 na 14 zinatoa +2, 13 inatoa +1, 11 inatoa 0, na 9 inatoa -1.

Mpiganaji mpe 16 kwenye nguvu na 15 kwenye ustahimilivu: pointi 12 za uhai. Mchawi mpe 16 kwenye akili, 15 kwenye wepesi, 14 kwenye ustahimilivu: pointi 8 tu. Ikumbuke hiyo 8, tutaihitaji.

Jina, sura na tabia waachie wachezaji. Kisha muulize kila mmoja swali moja: "Nani kati ya hawa watatu anakudai, na anakudai nini?" Dakika tano za majibu hayo zinafunga kundi kuliko kurasa kumi za historia.

Utajua umefaulu watu wakianza kuitana kwa majina ya wahusika kabla hujasema lolote.

## Hatua ya 4: Andaa ukurasa mmoja

Hapa ndipo kazi ilipo. Mwendeshaji anayeandika hadithi anaandika: "Wachezaji watakwenda gati, wataongea na nahodha, kisha watamfuata mwizi." Wachezaji hawataki gati. Wanataka kununua punda. Sasa mwendeshaji ana mambo mawili: kuwalazimisha, au kutupa kurasa zake zote. Wengi huwalazimisha, na mchezaji akishahisi kwamba uamuzi wake hauna uzito, harudi.

Andika hali badala yake. Huu hapa ukurasa mzima, uchukue ukipenda.

Hali. Mwambani ni bandari ya kubuni. Kaskazi imekwisha, kusi imeanza kuvuma. Jahazi la Nahodha Bakari lazima ling'oe nanga alfajiri lirudi kaskazini, kabla bahari haijachafuka. Usiku huu kengele ya shaba imeibwa kutoka chumba chake.

Watu watatu.
Nahodha Bakari anaitaka kengele kabla ya alfajiri, na hataki mabaharia wake wajue imepotea.
Bi Zuhura, muuza kahawa, ndiye aliyeificha. Mwanawe anatumikia deni ndani ya jahazi hilo, na anaamini bila kengele jahazi haliondoki.
Mzee Kombo, mlinzi wa ngome, anataka kengele irudi kisimani ilikotolewa. Tangu itolewe, vibwengo wamekuwa wakipanda kutoka chini.

Mahali patatu. Gati, kibaraza cha kahawa, na handaki chini ya ngome.

Muda. Saa tatu usiku maji yanaanza kuingia handakini. Saa sita vibwengo wanafika mtaani. Alfajiri jahazi linaondoka, likiwa na kengele au bila.

Basi. Hakuna mbaya wa kuuawa, na mwisho haujaandikwa. Wachezaji wakinunua punda, saa tatu itafika wakiwa sokoni, na kelele zitawafikia huko huko.

Kila jambo ambalo lazima wachezaji waligundue, liwekee dalili tatu mahali tofauti. Bi Zuhura ndiye aliyeficha: kuna punje za kahawa kwenye chumba cha nahodha, mwanawe anajikanyaga anapoulizwa, Mzee Kombo alimwona akipita na kapu zito. Kwa nini tatu? Ya kwanza wataikosa, ya pili wataielewa vibaya, ya tatu itawafikisha.

Kwa ramani ya handaki, usichore kutoka kichwani. Nenda Fort Jesus na daftari. Ngome ile ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na kuna mapito ya matao yaliyochongwa ndani ya mwamba wa matumbawe kuelekea baharini. Ina kuta nene, buruji za pembeni na kisima. Simama kwenye mapito, angalia mwanga unaingilia wapi, sikiliza sauti inavyorudi. Sentensi mbili ulizoziandika pale zitawashika wachezaji kuliko aya nzima kuhusu pango la theluji ambalo wewe na wao hamjawahi kuliona. Na ukitaka kujua ngome inavyozingirwa, kumbuka Waomani waliizingira tangu 1696 hadi 1698. Hiyo ni kampeni nzima, yaani hadithi ya vikao vingi, inayosubiri mtu.

Onyo: ukurasa ukizidi mmoja, umeanza tena kuandika hadithi.

Utajua umefaulu ukisoma ukurasa wako na usikute sentensi yoyote inayoanza na "wachezaji watafanya".

## Hatua ya 5: Jua lini dadu irushwe

Mchezaji anasema, "Napanda ukuta." Mwendeshaji mgeni anajibu, "Rusha dadu." Ngoja kwanza. Uliza: "Kwa kamba au kwa mikono? Mlinzi yuko hatua kumi, amekupa mgongo, anapuliza kahawa yake." Mchezaji akisema anasubiri mlinzi aondoke kisha anatumia kamba, amepanda. Hakuna dadu. Dadu ni ya pale ambapo kushindwa kuna gharama na kufaulu hakuna uhakika.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: dadu ya ishirini, jumlisha nyongeza, fikia namba uliyoiweka. Namba 10 ni jambo jepesi, 15 ni la wastani, 20 ni gumu. Mhusika anayefanya kitu alichobobea ana +5 hivi: +3 ya kipaji na +2 ya ujuzi. Dhidi ya 15 anafaulu kwa asilimia 55.

Sasa tazama wapi mambo yanaharibika. Ukimtaka arushe mara tatu kwa ukuta mmoja, kupanda, kuning'inia na kushuka, nafasi yake ya kufaulu zote tatu inaanguka hadi asilimia 17 hivi. Hukukusudia kumzuia, lakini umemzuia. Jambo moja, mrusho mmoja.

La kunyatia ni baya zaidi. Wanne wakinyatia, kila mmoja kwa asilimia 55, na ukataka wote wafaulu, nafasi ni asilimia 9. Ndiyo maana kila mpango wa kunyatia unaishia kwenye vita na watu wanaacha kupanga. Kanuni zina dawa: nusu ya kundi wakifaulu, kundi zima limefaulu. Kwa hesabu ile ile, nafasi inapanda hadi asilimia 76 hivi.

Mchezaji akija na wazo zuri, mruhusu arushe mara mbili na achukue kubwa. Kwenye 55, hiyo inampeleka karibu 80. Fanya hivyo mara kwa mara, na utaona hata mnyamavu wa pembeni anaanza kutafuta mawazo.

Utajua umefaulu watu wakianza kueleza wanachofanya bila kutaja dadu.

## Hatua ya 6: Pigano la kwanza lisiue mtu

Vibwengo vyetu vitumie namba za goblini kwenye kanuni: uhai 7, kinga 15 (namba ambayo mrusho wa kukipiga lazima uifikie), nyongeza ya kupiga +4, madhara ya dadu moja ya pande sita jumlisha 2.

Kumbuka mchawi ana 8. Kinga yake ni 12, kwa hiyo kibwengo kinampata kwa asilimia 65. Kikitoa 6 kwenye dadu ya madhara, yuko chini kwa pigo moja. Mpiganaji mwenye deraya ya minyororo na ngao ana kinga 18, na anapatwa kwa asilimia 35 tu. Usivielekeze vyote kwa mchawi kwa sababu ni rahisi kumpata.

Idadi ndiyo sumu. Kwa vipimo vya toleo la 2014, vibwengo viwili dhidi ya wahusika wanne wa ngazi ya kwanza, yaani wanaoanza, ni pigano jepesi, vitatu ni gumu, vinne ni la kuua. Tofauti kati ya jioni nzuri na mazishi ni kimoja. Anza na viwili, na cha tatu kiache kisimani. Wakishinda haraka, kiache kipande juu.

Anayefika sifuri hafi papo hapo. Kila zamu yake anarusha dadu ya ishirini: 10 kwenda juu ni nafuu, chini yake ni hatua kuelekea kaburini. Nafuu tatu, ametulia. Hatua tatu, amekwenda. Waeleze hilo kabla ya pigano, si mtu akiwa tayari amelala.

Na vibwengo vikimbie. Kiumbe aliyemwona mwenzake akikatwa kichwa hana sababu ya kubaki. Akikimbia handakini, wachezaji wana swali jipya: kumfuata au la?

## Hatua ya 7: Funga kwa wakati

Ikibaki robo saa, simamisha. Usiseme "tutaendelea". Muulize kila mmoja: "Wiki ijayo mhusika wako anataka kufanya nini kwanza?" Andika majibu. Hayo ndiyo maandalizi yako yanayofuata, na wamekuandikia wao. Tarehe ipangwe hapo hapo, viatu havijavaliwa.

## Kama mnacheza mtandaoni

Hatua zote zinabaki, ila zingatieni mambo manne.

Tumieni sauti tupu, si video. Discord inatosha, bando linadumu, na uigizaji hauhitaji nyuso. Ramani iwekeni kwenye Owlbear Rodeo au Roll20, zote zina njia ya bure na zinafunguka kwenye kivinjari. Foundry ni nzuri zaidi, na mwendeshaji peke yake ndiye analipa, mara moja, lakini inataka kompyuta na intaneti ya kutegemewa upande wake. Isubiri hadi kundi limekomaa.

Anayetumia simu asilazimishwe kufungua ramani. Mpigie picha ya skrini, mtumie WhatsApp.

Kikao kiwe saa mbili, si tatu, na wachezaji watatu. Mtandaoni watu hawaoni nani anataka kusema, kwa hiyo wewe ndiye unayegawa zamu kwa majina: "Mpiganaji, unafanya nini? Mchawi, jitayarishe."

Mkiwa na ndugu aliye Uingereza, yuko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili kiangazi. Saa zao hubadilika mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba, sisi hatubadilishi. Wiki hizo mbili thibitisheni tena muda, na mwandikieni kwa saa za kwao.